Rangi ya Kijani kwa Gari la Maige

Jumatatu, 2 Agosti 1954
Maduhu kaleta gari la marehemu kaka yake, Maige. Shevrole ile ile nyeusi iliyompindukia masika, akafa. Injini imeshatengenezwa, linatembea. Lakini abiria wa Nyarugusu hawalipandi — wanasema lina mkosi. Mjane, Mwanaima, katoka eda juzi. Anataka nilipake kijani, huenda watu wakalisahau. Wanawe wanalitegemea gari hili. Nimekubali. Sikumwambia kwamba hata mimi naliogopa.

Jumatano, 4 Agosti
Msasa tangu asubuhi. Pua nyeusi kama ya mhunzi. Ubavu wa kulia ndio ulioumia. Nilidhani kutu imelila — nimwambieje Mwanaima? Hakuna kutu. Chini ya rangi bati zima, linang'aa. Nilikaa chini nikacheka peke yangu.
Mke wangu, Scolastika, aliniletea uji akasimama barabarani. Hakukaribia. Akasema ninawe kabla ya kumshika mtoto. Sikumbishia.

Ijumaa, 6 Agosti
Nyundo, kisha puti ya kuzibia mabonde, kisha msasa tena. Mikono imekufa ganzi.
Mama yake Maige alikuja na mkongojo wake. Shikamoo, mayu. Marahaba. Akaupapasa mlango.
"Mwanangu alikaa upande upi?"
Nikamwonyesha.
"Basi hapo papake vizuri."
Nikachukua msasa, nikaanza na mlango huo.

Jumamosi, 7 Agosti
Nimepuliza kijani. Nilimwaga maji uwanja mzima kuzuia vumbi. Rangi bado mbichi — naona kundi la ng'ombe linakuja, vumbi juu kama moshi! Nilikimbia na kinyago cha kuzuia rangi usoni. Mchungaji akadhani nimerukwa na akili. Nilipomweleza, akalitazama gari, akapiga mluzi, akawageuza wote kupitia nyuma ya kilima. Hakuniuliza ni gari la nani. Moyo ukatua. Hakuna hata chembe iliyonata.

Jumatatu, 9 Agosti
Kituoni, Geita. Watu wamelizunguka, wameisifu rangi. Hakuna aliyepanda. Mwanaima alisimama, ncha ya kanga mdomoni. Maduhu akawasha injini, akazima.
Ndipo mama yake Maige akaja na kifurushi cha michembe, viazi vikavu vya njiani. Akafungua mlango wa mbele, akaketi kando ya Maduhu. Akanigeukia.
"Theonest. Wewe uliyelipaka, mbona umesimama?"
Watu wote wakanitazama. Nikapanda.
Naandika haya kiti cha nyuma. Linanuka rangi. Si kitu kingine, rangi tu. Nahema vizuri kuliko wiki nzima. Mzee mmoja kapanda baada yangu, anauliza tutafika Nyarugusu kabla ya adhuhuri? Mwanaima ameachia kanga. Nje kuna mwanamke mwenye kuku, analizunguka gari mara ya pili, mkono juu ya bati. Amefika mlangoni. Mzee anajisogeza kumpisha —