Kadi ya Sentimita Ishirini na Saba

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, maana nina furaha hadi jana nimeshona mkono wa kushoto wa shati upande wa kulia, na mwenye shati ni mwalimu, hana utani. Ukurasa wako nausoma kila wiki, nikishamaliza ndipo naukata uwe patani, karatasi za kukatia kola, usinichukie.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka thelathini na nne, nashona sare za shule, na mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu, mtu wa kuondoka wiki tatu na kurudi siku nne, na hatuna ugomvi wowote, sema tu siku hizi akipiga simu tunaongea umeme, maji na kodi, tukimaliza hayo kila mmoja anasubiri mwenzake aage. Sisi hatukuwa hivyo, Shangazi. Tulikutana kwenye ukumbi wa gemu, mimi nimepeleka suruali ya mwenye ukumbi, nikamkuta kijana mmoja anawashinda watu wote mbio za magari na mdomo juu, nikaomba nijaribu, nikamshinda raundi tatu mfululizo mpaka watu wakapanda juu ya viti, na raundi ya nne, hili nakuambia wewe peke yako, nilikanyaga breki kona ya mwisho makusudi ili ashinde, kwa sababu nilimwona ameshaanza kutafuta funguo zake na mimi nilitaka arudi kesho. Akarudi. Mpaka leo mgeni akija nyumbani lazima mume wangu amhadithie ile raundi ya nne.

Sasa mwezi uliopita alinunua laptopu ya mtumba, anachezea mbio zake kule madereva wanakopumzika, akanipigia akaniambia, "Natamani ungekuwa hapa pembeni unanicheka." Nilikata simu, nikafungua daftari langu la vipimo, nikaandika ukurasa mpya: KOMPYUTA. Maana nikiwa na yangu hapa nyumbani tutashindana kwa mtandao yeye akiwa huko aliko, na hicho ndicho ninachokitaka kuliko kitu chochote mwaka huu, nimpate tena yule kijana mwenye mdomo.

Nimejifunza, Shangazi, utashangaa. Prosesa ninayo, ndiyo akili yenyewe, na ule ubao unaobeba vyote, wenyewe wanauita madabodi, ninao pia, na vinaingiliana kama kifungo na tundu lake, nilihakikisha. Ramu mbili, ndizo kumbukumbu yake, ninazo. Kilichobaki ni kadi ya picha, hii ndiyo inayofanya magari yaonekane magari, na pawa saplai ya kulisha umeme. Kwa muuzaji, wote tunamwita Mjomba, kuna kadi kubwa ya mtumba, nzuri, ina feni tatu, nikaipima kwa futi yangu ya shingoni: sentimita ishirini na saba. Nikazunguka duka zima na futi hadi nikapata kasha la kuviwekea vyote hivyo, la kioo, lenye taa zinazobadilika rangi, ndani sentimita ishirini na saba kamili. Nikalilipia kasha palepale. Mjomba alisema hajawahi kuona mteja anapima hivyo, na mimi nikajiona fundi kweli.

Juzi tukaijaribisha kadi. Feni ya mbele ya kasha inaizuia. Mjomba anasema toa feni, haina kazi kubwa. Tukatoa, kadi ikaingia kwa kusukumwa, lakini waya wa umeme ukagusa kioo, na kioo hakifungi hadi nikikandamize kwa goti. Mjomba anasema nikichukua hiyo kadi atanipa pawa saplai ya bure, haina jina lakini ni nzito, ila ameniwekea hadi Ijumaa tu, na kasha naweza kulirudisha kama nailoni iliyobandikwa kwenye kioo chake sijaitoa. Sijaitoa, nalitazama tu. Nimefikiria pia niende kwa fundi bati jirani alikate kidogo.

Na la mwisho, nalisema haraka. Sehemu ya pesa hizi mume wangu alinitumia ninunue cherehani ya ovaloki, ya kumalizia pindo. Akiniuliza imefika, nasema iko njiani. Pindo napeleka kwa jirani. Anarudi Jumamosi. Nifanyeje?

Ni mimi, Futi Shingoni.

*

Futi Shingoni, marahaba.

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikashuka nayo chini kwa fundi wa kompyuta wa hapa gazetini, mtu asiyecheka hata siku ya mshahara. Alipofika pale pa goti, alivua miwani akaenda kunywa maji. Aliporudi akaniambia, "Huyu mama anajua kuchagua, tatizo lake ni kasha." Kwa hiyo akili unayo, mwanangu, tusiitie shaka. Hongera kwa prosesa na ubao wake, wengi hununua visivyoingiliana wakaja kulia kwangu.

Ila nikuulize. Mteja akija kwako umempima amesimama, kiuno sentimita tisini, unamkatia suruali ya tisini kamili? Akikaa je? Wewe unayemwachia mtoto wa shule pindo la kukulia miaka miwili umeibana kompyuta kama gauni la harusi. Kompyuta ikizimwa imesimama. Ukianza kucheza, ndipo inapokaa, inapata moto, inatafuta hewa, na ile feni Mjomba anayosema haina kazi ndiyo pumzi yake. Ukiifunga kwa goti itachemka, magari yatakwamakwama barabarani, na utashindwa mbio na mtu anayetumia laptopu ya mtumba. Aibu hiyo utaiweka wapi?

Fundi bati mwache na mabati yake. Kesho asubuhi chukua kasha na nailoni yake, rudisha. Ulizia lile la bati jeusi pana ambalo hakuna anayelitazama, lazima analo, lenye feni mbele na nyuma. Halina taa. Taa haziongezi mwendo. Ukipima safari hii, acha nafasi ya vidole vitatu mbele ya kadi na vingine vitatu pembeni kwa ajili ya waya.

Pawa saplai isiyo na jina usiipokee hata akikufungia na zawadi. Fundi wetu anasema uzito si kitu, wapo wanaotia kipande cha chuma ndani ili ujisikie umepata. Hiyo ikiharibika haifi peke yake, inaondoka na ubao, prosesa na ramu zako. Nunua yenye jina na dhamana, wati mia tano na hamsini zinakutosha, na pesa yake itoke kwenye kadi. Ndiyo, ile kubwa ya feni tatu iache. Najua imekuingia moyoni. Chukua ya kati, ya feni mbili, mbio za magari haziombi zaidi ya hapo, na usilipe mpaka Mjomba aiwashe mbele yako icheze nusu saa bila kuzima. Akikataa, muage vizuri uende duka la pili.

Sasa tuje kwa ovaloki, uliyoitaja haraka ukidhani sitaona. Umemdanganya mumeo, na nia nzuri haibadilishi jina la kitu. Usingoje Jumamosi aingie na begi akute kasha mahali pa cherehani. Mpigie leo, kabla ya umeme, maji na kodi, umwambie pesa iko wapi na kwa nini. Mwambie hivyohivyo ulivyoniandikia, kwamba unamtaka yule kijana mwenye mdomo. Halafu umwambie ovaloki itanunuliwa kwa pesa za sare za muhula ujao kabla ya kitu kingine chochote, na uinunue kweli. Na kadi usiiweke mwenyewe. Vingine vyote vifunge, nafasi ya kadi iache wazi, Jumamosi muiweke pamoja.

Mweleze yote, basi, usifiche hata sumni. Isipokuwa ile raundi ya nne. Hiyo umeniambia mimi peke yangu, na gazeti zima. Bahati yako madereva huanza na ukurasa wa michezo, lakini siku nne nyumbani ni nyingi, mtu anaweza kufika hadi huku. Kwa hiyo, mwanangu, ukimaliza kusoma hapa, chukua mkasi. Ukurasa huu unatoa patani za kola nne nzuri, anza kukata kabla ya Jumamosi.