Filomena, Jumamosi Gitaa Lako Linalia Magamba

Mwaka umepinduka, Mama Vumilia, tangu ututoke asubuhi ile, ukisubiri gari la wagonjwa ambalo wakubwa walikuwa wamelipanda kwenda mkutanoni. Hilo sitalinyamazia. Lakini leo nina habari njema!

Wewe ndiye uliyeleta roki huku milimani. Mwaka 1997 ulinunua shati la drafti la mtumba sokoni Lushoto kwa sababu ya baridi, ukakuta kanda ya muziki mfukoni. Granji, muziki wa vijana wa Marekani: gitaa linakwaruza, mtu anaimba kama anagombana na dunia. Ulikuwa unapanga mbao kiwandani Shume, msumeno ukilia kutwa nzima, ukacheka, "Hawa wamesikia msumeno wetu!" Ukajifunza mwenyewe kwa gitaa la kwaya.

Unakumbuka nilivyopeleka spika yako kwa fundi Bakari, nikidhani imekufa? Ikarudi inaimba laini kama redio. Ukashika kiuno: "Baba Vumilia, umeniulia muziki!" Kumbe uliichana makusudi ili ikwaruze; ukachukua wembe, ukaichana upya. Mimi niliyeishia darasa la nne ningejuaje?

Kila aliyepiga hodi ulimfundisha, na viazi ukampa.

Sasa sikia. Wanafunzi wako walitaka kukupigia siku ya kumbukumbu yako. Mtendaji akatunyima kibali mara tatu. "Mzee, ngoma tunaruhusu. Hizi ni fujo." Wakubwa wakija na spika za kampeni, hizo si fujo! Juzi Vumilia akaenda ofisini na bendi nzima, magitaa mgongoni.

"Shikamoo, mtendaji."

"Marahaba. Nilishasema hapana."

"Hamna shida, baba. Tutafanyia mazoezi hapa dirishani mpaka useme ndiyo."

Wimbo wa pili haujaisha, muhuri ukagongwa!

Ni Jumamosi, saa nane mchana, uwanjani Magamba. Salma kwenye ngoma, Elinuru kwenye besi, na binti yako anaimba Kishambaa kwa koo lile lile la kukwaruza. Hata Muheza wanapanda kuja. Wapo waliozaliwa baada ya kanda ile, na wameshona viraka kwenye mashati kama wewe.

Miaka yote nilikuambia punguza sauti. Jumamosi nitakaa mbele kabisa, nitawaambia waongeze.

Unakumbukwa na mumeo Anselm, binti yako Vumilia, mama yako Jenoveva, kaka yako Alphonce na bendi yako yote.

Daima tutakukumbuka, tena kwa sauti kubwa.