Orodha Uliyoniomba

Kaka,

Barua yako imefika. Sisi wazima. Paa bado linavuja juu ya meza yangu ya kuandikia, na mhariri anataka nipunguze mwezi mmoja kwenye riwaya yangu ya sayari yenye miezi mitatu, eti wasomaji watachanganyikiwa. Nimekataa.

Sasa unataka orodha ya vitabu vya dunia za kubuni, ukatambe navyo kazini kwamba dada yako ni mwandishi. Una macho makavu, kaka! Vitabu vilivyonifanya mwandishi vilikuwa kwenye kabati la baba. Baba hajamaliza hata mwezi kaburini, ukavisomba vyote ukampa muuza karanga, eti vinafuga mende. Hata kuniuliza hukuniuliza.

Ijumaa nilinunua karanga pale kituoni. Kukunjua karatasi, nikaliona lile jiji la chini ya bahari nililolisoma nikiwa na miaka tisa mpaka chakula kikaungulia jikoni. Pembeni, mwandiko wa baba kwa penseli. Unakumbuka alivyokuwa akitutilia alama kurasa za kusoma vitabuni, kila mtoto na zake? Ukurasa huu haukuwa wangu.

"Mwanangu mkubwa, huu msomee mdogo wako."

Hukunisomea hata siku moja. Nilijisomea mwenyewe, zangu na zako.

Ukurasa huo nimeutia kwenye bahasha hii, na mafuta yake ya karanga. Orodha yangu yote ndiyo hiyo. Soma kwa sauti.

Ni mimi,
huyo mdogo wako.