Nimewaambia Ndugu Zangu Kwamba Si Ndugu

Bibi Geneva mpendwa, nakuandikia kwenye safu yako ya ushauri, nakuomba unishike mkono maana sina mwingine wa kumwambia, mimi ni mjane hapa Selma, watoto sikujaliwa, na tangu nistaafu ualimu kazi yangu imekuwa kuutafuta ukoo wetu, ukoo wa Ransom Tolliver, mzee aliyetoka utumwani akaanzisha familia ambayo kila Julai hukusanyika, fulana zina jina lake mgongoni na kila tawi lina rangi yake. Nimezunguka makaburi na mahakama za kaunti, nikawabembeleza ndugu wa kila tawi watoe mate yapimwe vinasaba, nikitegemea kumpata mama yake Ransom na ikiwezekana hata kule Afrika alikotekwa, lakini majibu yaliporudi yakaonyesha matawi yetu hayana undugu wa damu hata tone, kila mtoto wa Ransom alikuwa na wazazi wengine, yaani yule mzee hakumzaa hata mmoja wao.

Basi Julai iliyopita, wakati wa kuita matawi, kila tawi likiitwa linasimama linashangiliwa, zamu yetu ilipofika nikashika kipaza sauti nikasema yote. Nilidhani watataka kujua, mimi ningetaka kujua, Bibi, lakini watu walibaki na mbavu za kuchoma mkononi, mtoto mmoja akauliza, "Kwa hiyo huyu si binamu yangu?" na Shangazi Odessa, ana miaka tisini na moja, ndiye mkubwa wetu, akasema tu, "Verlene, kaa chini ule, mwanangu." Nikaona aibu nikaondoka.

Tangu siku hiyo simu yangu iko kimya. Krismasi nilikula peke yangu, nimesimama jikoni. Kwenye kompyuta napata watu wa damu yangu kabisa, wa Ohio, wa Texas, nawaandikia, hawajibu, ila mmoja aliyesema ndugu alionao wanamtosha. Juzi nikamuuliza binamu yangu Lamont, anayeandaa mkutano, kuhusu Julai hii, akaniambia, "Fulana yako hatujaagiza, dada. Si ulisema wewe si wetu? Tulikusikia." Nimekosa nini kwa kusema kweli? Nifanyeje nirudi, au nikubali tu kwamba sina watu?

Verlene, Selma

Verlene, pole. Nimekuona hapo jikoni na nimeumia. Sasa nisikilize, maana nitakusema.

Kazi uliyoifanya ni kubwa, wala usiifute. Wazee wetu waliuzwa huku na huku, na chochote tunachokipata juu yao ni mali. Lakini mtu mzima uliyefundisha watoto maisha yako yote, hukujua kwamba habari kama ile hupelekwa sebuleni kwa mkubwa wa familia kwanza? Uliwanyang'anya watu babu yao hata kabla hawajamaliza kula. Lamont ana kinyongo na ana haki nacho, ingawa ulimi wake nao unahitaji sabuni.

Halafu majibu yako umeyasoma vibaya. Mtu ambaye yaelekea aliwakuta watoto wa wenzake wamebaki peke yao baada ya vita vilivyomaliza utumwa, wazazi wameuzwa au wamekufa, akawaita wote wanangu, ndiye huyo unayesema si wenu? Bila yeye nani angebaki wa kupimwa mate?

Na kuna jambo umeliandika bila kuliona. Mama wa miaka tisini na moja anaambiwa mbele ya watu kwamba babu yake si babu yake, naye hashtuki, anakuambia ukae ule. Yule alijua, Verlene. Nadhani alijua tangu utotoni, na alikuwa anakuambia palepale kwamba nafasi yako bado ipo. Wewe ndiye uliyeondoka.

Kwa hiyo usimtumie mtu ujumbe, na Lamont mwache apoe. Jumamosi hii oka pai ya viazi vitamu, panda gari uende kwa Shangazi Odessa, makaratasi yako yaache nyumbani. Muombe radhi kwa namna ulivyosema, si kwa ulichosema. Kisha muulize Ransom aliwapata wapi wale watoto, na unyamaze. Huenda amebaki yeye tu anayejua, na tangu Julai amekaa akingoja urudi umuulize.