Madaftari ya Baba Yamepatikana

Kidete,
S.L.P. 17,
Kilosa.
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Mathayo,

Shikamoo yako ya kwenye simu niliipokea, marahaba. Habari za Uvinza? Wifi yangu Lightness mgongo umepoa? Sisi huku hatujambo. Goti langu linasumbua asubuhi tu, na mahindi ya mwaka huu yamekubali.

Simu nimeikwepa makusudi. Nina jambo la kukuambia, na ningesikia sauti yako ningelificha tena. Soma ukiwa umekaa.

Kwanza furaha. Mwanangu Editha, yule anayefundisha Mikumi, amepata shahada ya uzamili! Nimeshawatangazia Kidete nzima, hata wasioniuliza.

Alichunguza mafuriko ya mto wetu Mkondoa. Msimamizi wake chuoni Morogoro alimwambia kwamba bila vipimo vya maji vya miaka ya zamani kazi yake haisimami, na mwisho wa kuvileta ni Machi. Editha akanipigia kwa furaha: "Mama, si babu alikuwa anapima maji darajani kila siku? Madaftari yake yako wapi?"

Nilikosa pa kuuficha uso. Unakumbuka uliponiuliza swali hilohilo baada ya msiba wa Baba, nikakujibu yameliwa na mchwa? Mchwa hawakuhusika, Mathayo. Mwaka 1992 nilikuwa nauza karanga kwenye madirisha ya treni, na karatasi za kufungia sikuwa nazo. Nilichana madaftari ya Baba moja baada ya jingine. Abiria wakaondoka nayo, huenda wengine walishuka hukohuko kwenu. Miaka kumi na moja Baba aliamka alfajiri na fimbo yake ya futi, mimi nikaimaliza kwa msimu mmoja. Nilimweleza Editha ukweli wote. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Aliniuliza tu kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuyaona. Ndipo nikamkumbuka Nassir, yule mwanafunzi wa chuo hichohicho aliyelala kwetu mwaka 1983 akichunguza mto. Ulikuwa na miaka tisa, huwezi kuwa umesahau. Baba alikataa katakata kumwazima madaftari. Mwishowe alipanda naye treni hadi Morogoro, kayapakata magotini kama mtoto mchanga, yakatolewa fotokopi yeye kasimama palepale anahesabu kurasa. Tulimcheka mwezi mzima.

Basi Editha akaingia kwenye maktaba ya kidijitali ya chuo. Kumbe wameshaskani tasnifu za zamani, hata zile zilizokuwa zinaliwa na vumbi stoo. Akaandika Kidete, akaandika Mkondoa, akatafuta siku mbili. Ikatokea tasnifu ya Nassir, na mwishoni, kama kiambatisho, kurasa zote za Baba.

Aliniita Mikumi nikaone kwa macho yangu, maana mtandao wa huku kwetu unakuja na kuondoka. Akafungua kompyuta mezani, nikaona mwandiko wa Baba. Ile saba yake aliyoikata katikati! Na lile doa la wino uliovuja! Nililia mbele ya walimu wenzake na wala sikuona aibu.

Vipimo vilifika kwa msimamizi wiki moja kabla ya siku ya mwisho. Siku ya kuitetea kazi yake, maprofesa watatu walimwuliza huyo Zabron Mwaisaka alikuwa mtaalamu wa nini. Editha akajibu: "Alikuwa kibarua wa gangi la reli. Ni babu yangu." Anasema baada ya hapo walimwuliza habari za Baba kuliko za mto. Natamani ningekuwepo.

Baba aliishia darasa la nne, Mathayo. Leo jina lake limo kwenye orodha ya marejeo, limepangwa pamoja na ya madaktari na maprofesa. Tasnifu ya Editha nayo imewekwa kwenye maktaba ileile, na mwanafunzi yeyote anaweza kuisoma, awe Uvinza au Ulaya. Safari hii hata mimi na karanga zangu hatuwezi kuyafikia madaftari hayo.

Nisamehe kwa kukudanganya miaka yote hii. Ukitaka kunigombeza nigombeze, ila uanze kwa kumpongeza mpwa wako.

Nisalimie Lightness, na wanangu Kornelio na Angela. Mjomba Filipo naye anawasalimu, anasema mnachelewa sana kuja. Mungu aliyeitunza kazi ya Baba tulipokuwa hatuna habari nayo, awatunze na ninyi.

Dada yako akupendaye daima,
Tumwagile

N.B. Editha amekutumia ukurasa mmoja kwenye simu. Tafuta tarehe 9 Machi 1975. Baba ameandika: "Maji futi nne, inchi mbili." Halafu pembeni, kwa herufi ndogo: "Mathayo ametembea hatua tatu."