Simu ya Upepo Huku Chole

Dada Zuhura, shikamoo. Natumaini kikohozi kimekuacha. Huku Chole mvua haikatiki, na tangu vita vianze watu hawamwamini mgeni.

Jana mama mmoja alishikwa na uchungu, mtoto akakwama. Bwana Lukas, fundi aliyekuja na sisi wauguzi, akatundika waya wa eriali mtini ili aite gari la hospitali ya Tumbi kwa simu ya upepo, ile redio ya kuongelea. Kila tuliposogea alitufukuza, kisha akazungusha kitufe kimyakimya huku akitazama mshale wa kipimo cha redio. Hata mimi nilimtilia shaka. Mzee Kondo, mjumbe wa nyumba kumi, akaja na panga, akamshika mkono.

"Unaongea na nani?"

"Bado sijampata mtu. Waya umelowa, nanyi mmeuzunguka. Hapo nguvu ya redio inarudi ndani badala ya kutoka. Kitufe hiki ndicho kinachoipatanisha na waya."

"Nitajuaje kama ni kweli?"

"Rudini nyuma mwone."

Mzee akaturudisha nyuma, lakini panga hakuliweka chini. Fundi akazungusha taratibu, mshale ukapanda, Tumbi wakaitika.

Gari lilifika jioni. Leo tumeambiwa mama amejifungua salama, mtoto wa kike. Mzee Kondo amemletea fundi kuku, ila kitambulisho alichomnyang'anya jana hajamrudishia. Nilipomuuliza akasema, "Kuku ni shukrani. Kitambulisho ni usalama."

Nibusie watoto, dada yangu. Nimewakumbuka mno.

Mdogo wako,
Asha