Krismasi ya Filamu na Krismasi ya Nkoma

Jumatatu, 15 Desemba. Jinja.
Nimeutazama mkanda mara ya tatu. Hajati, mwenye kibanda cha video Namatala, ameniteua niufasiri kwa Kiswahili mbele ya watazamaji wake wa Mbale. Kichekesho cha mapenzi cha Krismasi: theluji, kengele, mabusu, bahati za kipuuzi. Mhitimu wa chuo kikuu, tena Mwislamu, hastahili kupenda kitu kama hiki. Mwishoni nimetokwa na machozi. Aibu.

Jumatano, 17 Desemba. Jinja.
Nimempa dereva wa basi barua ampelekee Nambozo, mpenzi wangu. Aje Jumamosi kibandani, pamoja na mama yake. Kwa mama huyo mimi ni Mnubi, mjukuu wa askari. Na wakati wa vita askari, wakiamrisha kwa Kiswahili, walimchukua mwanawe wa kiume kwenye kizuizi cha barabarani. Hakurudi. Januari naanza kufundisha hapa Jinja. Kabla ya hapo nataka posa yangu iwe imekubaliwa. Nitafasiri kwa ufasaha usio na kifani. Ataniona mtu.

Jumamosi, 20 Desemba. Mbale.
Nimeharibu.

Saa tisa alasiri kibanda kilijaa. Theluji iliwachekesha. "Hiyo unga ya muhogo?" mmoja aliuliza. Nambozo alicheka; kicheko chake nakijua hata gizani. Nikalewa sifa. Kisha yule bwana wa filamu akamkimbilia mpenzi wake stesheni, nami nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote: "Simama! Usisogee!"

Mzee wa safu ya mbele akainua mikono juu. Wengine wawili wakamfuata. Halafu sauti kutoka nyuma: "Afande, wacha mtoto ya watu aende!" Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mama yake Nambozo hakucheka. Alitoka. Nambozo akatoka naye.

Busu la mwisho nililifasiri huku nikitazama nafasi mbili tupu kwenye benchi.

Jumatatu, 22 Desemba.
Naichukia filamu ile. Hakuna mama anayeombwa ruhusa. Hakuna nyumba yenye mtu aliyepotea. Hata hivyo natamani dakika yake moja tu: mwanamke anasikia sauti ya mwanamume, anageuka, anafurahi.

Alhamisi, 25 Desemba.
Nilikwenda Nkoma, nyumbani kwa kina Nambozo, kuomba radhi. Mama alinionyesha kiti kwa mkono, akaniwekea malewa, vichipukizi vya mianzi katika mchuzi wa karanga. Nilipofungua kinywa, aliinua kiganja. Akasema maneno kwa lugha yake. Nambozo akanieleza, macho chini: "Mama anasema Swahili hapana ingia hii nyumba. Kama unataka mimi, kuja omba na Lumasaba."

Lumasaba yangu inaishia kwenye salamu. Hotuba yangu ya posa, kurasa mbili zilizopangwa vizuri, haikutoka mfukoni. Nilikula malewa yote. Nambozo alikuwa karibu kiasi cha kumgusa. Sijawahi kumtamani kiasi kile.

Jumapili, 11 Januari. Jinja.
Masese kuna mama wa Kimasaba anayeuza samaki. Amekubali kunifundisha kila Jumapili. Hucheka mpaka anashika mbavu. "Bwana mwalimu, ulimi yako imelala!" Naandika kila neno kwa makini. Mvua kidogo, ziwa limetulia.

Leo nimejua kuomba maji na kuomba kiti. Kuomba mke, bado sana.